Lenzi za Picha Mnato au Lenzi za Sinema: Namna ya Kuchagulia Kamera ya Sinema ya Kidijitali

Anayenunua kamera ya sinema ya kidijitali kwa mara ya kwanza humaliza sehemu kubwa ya fedha zake kwenye kamera yenyewe, kisha hukutana na swali ambalo huenda muuzaji hakuligusia: afunge lenzi gani mbele yake? Kamera nyingi za miaka hii zinapokea lenzi za picha mnato bila shida. Blackmagic Pocket 6K ya mwaka 2019 ina maunti (sehemu ya kufungia lenzi) ya Canon EF, ileile iliyoanzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya kamera za picha. Sony FX6 na FX3 zinatumia maunti ya E, na RED Komodo na Canon C70, zote za mwaka 2020, zinatumia RF. Kwa hiyo suala la kama inawezekana limekwisha jibiwa na watengenezaji wenyewe. Linalobaki ni lini inafaa, na kwa nani.

Ninalinganisha makundi matatu. La kwanza ni lenzi kongwe za picha mnato zinazoendeshwa kwa mkono, kama Nikkor (lenzi za Nikon) za AI na AI-S, Canon FD, Zeiss za Contax, na zile za skrubu ya M42. La pili ni lenzi za kisasa za picha mnato zenye otofokasi (kamera yenyewe hutafuta fokasi, yaani ukali wa picha), kama Canon EF, Sigma Art na Sony E. La tatu ni lenzi zilizotengenezwa kwa sinema lakini kwa bei ambayo kampuni ndogo inaweza kuifikia au kuikodi, kama Samyang za VDSLR, Sigma Cine na Zeiss CP.2.

Kabla ya vigezo, kuna jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua mapema kwa sababu litamwokolea fedha. Mara nyingi kioo cha kundi la tatu ni kilekile cha lenzi za picha mnato. Samyang ya 50 mm inayouzwa kwa alama ya f/1.4 kwa wapiga picha, na ile ya T1.5 inayouzwa kwa watu wa video, zina kioo kimoja (namba za f na T nitazieleza chini ya apecha). Sigma ilipotoa lenzi zake za kwanza za sinema mwaka 2016 ilichukua vioo vya Art, na Zeiss ilifanya vivyo hivyo mwaka 2010 ilipotoa CP.2 kutokana na lenzi zake za picha mnato. Unacholipia zaidi ni mwili unaokishika kioo hicho: pete, meno, alama na vipimo vyake, na mwili huo umeundwa kwa ajili ya mtu mwingine anayesimama kando ya kamera. Ndiyo maana nashauri kila anayechagua aanze kwa kujiuliza nani atakayeizungusha pete ya fokasi siku ya kazi.

Vigezo nitakavyovitumia ni maunti na upana wa picha, fokasi, apecha (tundu linalopitisha mwanga), sura ya picha, uzito, kisha bei na matunzo. Havina uzito sawa. Fokasi ndiyo inayotenganisha makundi haya kuliko vyote.

Maunti na upana wa picha

Kila lenzi imeundwa kuitupa picha yake kwa umbali maalumu kutoka kwenye maunti hadi kwenye kihisi, sehemu ya kamera inayopokea picha. Kwa Nikon F umbali huo ni milimita 46.5, kwa Contax na M42 ni takriban 45.5, kwa Canon EF ni 44, kwa Canon FD ni 42, kwa RF ni 20 na kwa Sony E ni 18. PL, ambayo ndiyo maunti ya kawaida ya sinema, ina milimita 52. Lenzi inaweza kuhamia kwenye kamera yenye umbali mfupi kuliko wake, kwa kuwa adapta hujaza pengo lililobaki. Haiwezi kuhamia kwenye kamera yenye umbali mrefu zaidi bila kupoteza uwezo wa kuonyesha vitu vya mbali.

Kutokana na hesabu hiyo, Nikkor kongwe inakaa vizuri kwenye kamera ya EF kwa adapta ya milimita 2.5, na mtu akibadilisha kamera baadaye lenzi zake zinaendelea kutumika. Canon FD, ambayo ni lenzi nzuri sana, haikai kwenye kamera ya EF isipokuwa kwa adapta yenye kioo ndani yake, na kioo hicho hupunguza ubora. Mahali pake ni kwenye kamera za RF, E au L (maunti ya Leica, Panasonic na Sigma). Mwenye kamera ya PL isiyobadilishwa maunti hawezi kutumia kundi la kwanza wala la pili, ingawa baadhi ya kamera, kama ARRI Alexa Mini, zinaweza kuvalishwa maunti ya EF. Kundi la tatu lina nafuu hapa: CP.2 inabadilishwa maunti, kwa hiyo lenzi moja inaweza kupita kwenye kamera kadhaa, ilhali Samyang unainunua ikiwa na maunti uliyoichagua.

Jihadhari na adapta za bei ya chini. Nyingi hutengenezwa nyembamba kidogo kuliko inavyotakiwa ili kuhakikisha lenzi inafika mbali kabisa, na matokeo yake ni kwamba lenzi hupitiliza na namba za umbali zilizoandikwa kwenye pete hazisemi kweli tena. Kwa mpiga picha hilo si tatizo. Kwa msaidizi anayepima umbali kwa utepe na kuufuata kwenye pete, ni tatizo kubwa.

Kuhusu upana, kihisi cha Super 35, kilicho kidogo kuliko fremu kamili (kihisi cha ukubwa wa filamu ya picha ya milimita 35), hukata pembezoni, hivyo 50 mm hutoa mwonekano wa karibu 75 mm kwenye fremu kamili, na 28 mm hugeuka kama 42 mm. Lenzi pana za kundi la kwanza ni chache na hutafutwa sana, kwa hiyo anayepiga kwenye vyumba vidogo hubanwa. Kundi la pili linatatua hili kwa urahisi: Sigma Art ya 18–35 mm f/1.8, iliyotoka mwaka 2013, imepata umaarufu kwenye kamera za Super 35 kwa sababu inachukua nafasi ya lenzi tatu na bado inaona gizani.

Fokasi

Chukua mfano wa lenzi ya 85 mm iliyofunguliwa f/2 kwenye fremu kamili, na mtu aliyesimama mita 2 kutoka kwenye kamera. Eneo linaloonekana wazi lina unene wa sentimita 6 hivi, ambao hautoshi hata kutoka ncha ya pua hadi sikio. Mtu huyo akiegemea mbele kidogo anapoongea, fokasi imemkosa. Katika picha mnato ungepiga tena. Katika onyesho la mazungumzo, huenda mwigizaji ndiyo kwanza ametoa machozi ambayo hatayatoa tena.

Sasa tazama pete. Lenzi ya kisasa ya otofokasi yenye kipenyo cha sentimita 7, ambayo pete yake huzunguka nyuzi 90 kutoka karibu kabisa hadi mbali kabisa, inampa mtu sentimita 5 na nusu za mwendo kwa umbali wote huo. Safari ya mwigizaji kutoka mita 3 hadi mita 2 huwa milimita chache tu za pete. Lenzi ya CP.2 huzunguka nyuzi 300, na lenzi ya namna hiyo yenye kipenyo cha milimita 95 hutoa karibu sentimita 25 za mwendo, zikiwa na alama nyingi zinazosomeka kutoka ubavuni anaposimama msaidizi. Kwa timu yenye msaidizi wa fokasi, tofauti hiyo ndiyo sababu ya lenzi za sinema kuwepo, na hakuna ukali wa kioo unaoweza kuifidia.

Kundi la kwanza liko katikati. Lenzi kongwe zilitengenezwa kwa ajili ya vidole, kwa hiyo pete zake huzunguka zaidi kuliko za otofokasi, zina mwisho unaogota pande zote mbili, na zikirudishwa mahali zilipokuwa zinarudi palepale. Kwa Nikkor, baadhi ya lenzi za AI, zilizoanza mwaka 1977, zina mzunguko mrefu kuliko za AI-S zilizozifuata, jambo linalomfaa mtu wa video kulizingatia anaponunua. Kasoro zake ni mbili. Alama za umbali ni chache, hasa kuanzia mita 3 kwenda mbali, na pete ya Nikkor huzunguka upande ulio kinyume na Canon na lenzi nyingi za sinema. Ukichanganya Nikkor na nyingine katika kazi moja, mkono wa msaidizi utachanganyikiwa, ingawa mota nyingi za fokasi zisizotumia waya zinaweza kugeuziwa mwelekeo.

Kundi la pili lina udhaifu ambao hauonekani dukani. Lenzi za EF zenye mota ya USM ya pete hazina mwisho unaogota. Pete huendelea kuzunguka baada ya fokasi kufika kikomo, na alama ulizoziweka kwa chaki au utepe zinahama. Lenzi za STM, aina nyingine ya mota ya Canon, na nyingi za kisasa hazina hata uhusiano wa moja kwa moja kati ya pete na kioo: pete hutuma ishara, mota ndiyo inayosogeza. Katika baadhi yake mwendo hutegemea kasi ya mkono wako, hivyo mzunguko uleule hautoi matokeo yaleyale mara mbili.

Lakini kundi hilohilo lina nguvu ambayo mengine mawili hayana. Kwenye kamera kama FX6, FX3 au C70, otofokasi hufuata uso wa mtu kwa uhodari ambao mpigaji aliye peke yake, mwenye kamera begani na sikio kwenye vipokea sauti, hawezi kuufikia kwa mkono. Hili si jambo la kubezwa na mtu wa sinema. Kwa filamu za hali halisi, harusi na habari, limebadilisha kazi. Ila lazima kamera yenyewe iweze. Blackmagic Pocket 6K hufokasi mara moja ukibonyeza, haifuatilii mfululizo, kwa hiyo anayenunua lenzi za otofokasi kwa ajili yake analipia kitu ambacho hatakitumia.

Kuna pia suala la fremu kupanuka au kusinyaa fokasi inapohama. Lenzi za picha mnato, kongwe na za kisasa, hufanya hivyo zaidi kwa kuwa mpiga picha hauoni mwendo wa fokasi. Lenzi ghali za sinema huudhibiti vizuri. Hizi za bei ya kati zilizorithi vioo vya picha mnato zimerithi pia tabia hiyo kwa kiasi. Lenzi nyingi za zumu za picha mnato, nazo, hupoteza fokasi unapozumu, hivyo zichukulie kama lenzi kadhaa zilizo katika mwili mmoja, uzumu kabla ya kurekodi.

Apecha

Namba ya f ni hesabu ya umbo la lenzi, ilhali namba ya T hupima mwanga unaofika kweli baada ya kupita kwenye vioo. Lenzi mbili za f/2 zinaweza kutoa picha zenye mwanga tofauti kidogo, na tofauti hiyo huonekana mhariri anapounganisha vipande viwili vya onyesho moja. Lenzi za kundi la tatu zimepimwa kwa T na hulingana.

Pete ya apecha ya lenzi kongwe ni hazina kwa sababu haihitaji umeme wala adapta ghali, ila hugonga kila hatua. Fundi anaweza kuiondolea kugonga huko ikazunguka laini, na karakana kama Duclos Lenses ya Marekani zimejulikana kwa kazi hiyo. Lenzi za EF huongozwa na kamera na apecha yake huruka kwa ngazi, hivyo ukiibadilisha ukiwa unarekodi mtazamaji ataona mwanga ukiruka. Kwenye adapta isiyo na umeme hubaki wazi moja kwa moja. Nikkor za aina ya G hazina pete kabisa na zinahitaji adapta yenye pete yake ya kuendeshea apecha. Ikiwa kamera yako ina filta za ND (za kupunguza mwanga) ndani, kama FX6 au C70, huna haja kubwa ya kugusa apecha wakati wa kurekodi, na udhaifu wa kundi la pili hapa unapungua sana.

Sura ya picha

Katika kigezo hiki maoni hugongana, na sioni sababu ya kumlazimisha mtu. Lenzi za kisasa ni kali hadi pembezoni na hupambana vyema na mwanga wa jua. Lenzi kongwe zina rangi tulivu, weusi usiokolea sana, na zikielekezwa kwenye taa hutoa ukungu wa mwanga ambao wengi huupenda kwenye ngozi za watu, hasa kwa vile kamera za kidijitali zina ukali mwingi kupita mahitaji ya uso wa binadamu. Helios 44-2 ya Umoja wa Kisovieti, 58 mm f/2, hutafutwa kwa sababu mandhari ya nyuma huzunguka kama kimbunga pembezoni mwa fremu. Ni sura nzuri kwa wimbo mmoja. Kwa filamu ya dakika 90 inachosha macho.

Tatizo la lenzi kongwe ni kulingana. Seti iliyokusanywa moja moja, kila moja ya mwaka wake na mipako yake, huwa na rangi tofauti. Baadhi ya Takumar (lenzi za Pentax) za 50 mm f/1.4 zina kioo chenye thoriamu ambacho hugeuka njano kadiri miaka inavyopita, na njano hiyo hupungua lenzi ikiachwa kwa muda chini ya mwanga wa jua au taa ya UV. Mtaalamu wa kusahihisha rangi za filamu anaweza kusawazisha mengi, lakini hiyo ni kazi yenye saa zake na malipo yake. Seti za sinema hutengenezwa zilingane kuanzia mwanzo. Umbo la taa za nyuma nalo linatofautiana: Nikkor nyingi zina vibao 7 vya apecha na hutoa taa zenye pembe 7, ilhali CP.2 ina 14 na taa zake zinabaki duara.

Uzito

Lenzi kongwe na lenzi ndogo za EF ni nyepesi. EF 50 mm f/1.8 STM ina gramu 160 tu. Lenzi za sinema kama Canon CN-E 50 mm hupita kilo 1, na kwenye gimbali ndogo (kishikio cha mota kinachotuliza kamera) hilo linaweza kuzuia kazi kabisa. Kwa upande mwingine, seti za sinema zina kipenyo kimoja mbele na meno mahali pamoja, hivyo kubadilisha lenzi hakuhitaji kupanga upya mota na kizuizi cha mwanga. Kwa lenzi za picha mnato utafunga pete za meno za kipimo cha 0.8 juu ya kila moja, na utanunua filta za milimita 82 pamoja na pete za kuzifikisha kwenye mdomo wa 77 au 52. Kundi la pili pekee ndilo lenye lenzi za kutuliza mtikisiko, faida kubwa kwa anayepiga bila tripodi.

Bei na matunzo

Seti nzima ya Nikkor kongwe inaweza kupatikana kwa gharama ya lenzi moja ya sinema ya bei ya kati. Lakini lenzi kongwe hununuliwa kwa macho na mikono. Imulike kwa tochi kutoka nyuma, ukitafuta nyuzi za kuvu zilizotandaa ndani. Fungua na funga apecha ukiangalia kama vibao vina mafuta. Zungusha pete ya fokasi na kuirudisha ghafla. Ikicheza kidogo kabla ya kushika, fremu itatikisika kila msaidizi anapogeuza mwelekeo.

Kwa walio pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Pemba, unyevu wa hewa ni adui wa lenzi zote, na kongwe zaidi kwa sababu huenda zimekuja na kuvu tayari. Ziweke kwenye sanduku linalofunga pamoja na silika jeli na kipimo cha unyevu, ukilenga asilimia 40 hadi 50, na usizifungie kwenye mikoba ya ngozi.

Lenzi za kundi la pili zina soko kubwa la mitumba, huuzika tena haraka, na zinafanya kazi ya picha pia. Za kundi la tatu hushikilia thamani kwa muda mrefu, ila kwa wengi busara ni kuzikodi kwa siku za kazi na kuiweka gharama kwenye bajeti ya mteja.

Kwa hali yako

Ukifanya kazi peke yako, kwenye harusi, mahojiano au habari, na kamera yako ina otofokasi ya kufuatilia, chukua kundi la pili: zumu moja ya kati na lenzi moja yenye kuona gizani. Hata mwenye uwezo wa kununua za sinema angefanya vyema kuanza hapo.

Ukiwa mwanafunzi wa filamu au unatengeneza filamu fupi na Blackmagic Pocket 6K, Nikkor tatu za AI, 28, 50 na 85 mm, kwenye adapta nzuri, zitakufundisha fokasi ya mkono na zitakufuata kwenye kamera itakayofuata. Pengo la upana lijaze kwa Sigma 18–35 mm.

Ukipiga video za muziki na unatafuta sura ya kipekee, kongwe moja au mbili zinatosha kama nyongeza ya seti uliyo nayo, bila kujenga kazi yako yote juu yake.

Ukiwa na tamthilia yenye siku nyingi za kupiga, waigizaji wanaotembea na msaidizi wa fokasi unayemlipa, kodi lenzi za sinema hata kama una sanduku la lenzi nyingine nyumbani. Kumpa msaidizi huyo pete ya nyuzi 90 ni kulipia ujuzi wake kisha kumfunga mikono.

Na ikiwa hujui bado utaelekea kazi gani, kodi lenzi moja kutoka kila kundi, zote zikiwa karibu na 50 mm, weka mtu akitembea kutoka mlangoni hadi mezani kwa apecha ya 2.8, kisha mpe pete mtu yuleyule utakayefanya naye kazi na uhesabu ni mara ngapi anamfikisha mwigizaji mezani akiwa ndani ya fokasi.